Barua ya wazi: Kabla ya gati ya 4 ya Lamu, tuonyesheni hesabu ya gati 3

Kwa:
Waziri wa Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu, Nairobi
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA)
Mkurugenzi Mkuu, Halmashauri ya Bandari Kenya (KPA), Mombasa
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Ustawishaji wa Ukanda wa LAPSSET

Nakala: Gavana na Bunge la Kaunti ya Lamu, Mokowe

KUH: LESENI YA MAZINGIRA YA GATI ZIJAZO ZA BANDARI YA LAMU

Waheshimiwa,

Baada ya salamu. Bandari ya Lamu pale Kililana ina gati 3. Mchoro wenu una gati 23. Barua hii inahusu zile 20 zilizobaki, ambazo serikali imesema mara nyingi kuwa zitajengwa kwa fedha za wawekezaji binafsi, na hasa inahusu ya kwanza kati yake, kwa sababu jinsi leseni ya gati ya 4 itakavyotolewa ndivyo zitakavyotolewa zote zitakazofuata. Ombi langu ni moja na nalitanguliza, ili mwenye haraka asilikose: leseni hiyo isitolewe mpaka hesabu ya mazingira ya gati 3 za kwanza iwekwe hadharani, kwa Kiswahili, na sisi tunaoishi nazo tupate nafasi ya kuisoma na kuijibu.

Mimi ni mtu wa kisiwa cha Pate, mvuvi aliyegeuka karani. Siku hizi nashika zaidi daftari la BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, kuliko nyavu. Niseme pia kwamba si adui wa bandari. Watu wetu wameishi kwa vyombo na biashara ya pepo za msimu tangu kabla ya mababu wa mababu zetu, na vijana wa nyumbani kwangu wanataka kazi ya kreni na ya ukarani wa forodha kama kijana yeyote wa Mombasa. Kwa hiyo tafadhali msiiweke barua hii kwenye lile faili la "wapinga maendeleo". Nina hakika faili hilo lipo.

Tuanze na mpangilio wa mambo, maana ndipo palipoharibika.

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET, yaani ukanda wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya gati 3 za kwanza ina tarehe ya mwaka uliofuata, 2013. Nawaomba msomaji na mwandikaji wa sheria watafakari hapo. Marais wawili na waziri mkuu wameshapiga makofi, wageni wameshakula na kuondoka, halafu mtaalamu anaitwa aje apime kama mahali panafaa. Mtaalamu huyo analipwa na mwenye mradi. Ni nani, katika hali hiyo, angeandika kwamba hapafai? Sidai kwamba aliyeandika alidanganya. Ninachosema ni kwamba swali lenyewe lilikuwa limeshajibiwa kabla hajafika, na iliyobaki ilikuwa kazi ya kupanga maneno.

Wazee wetu waliliona hilo mapema. Kesi iliyofunguliwa mwaka 2012 ilisikilizwa na Mahakama Kuu, majaji watano wakiwa wameketi, nayo ikatoa hukumu Malindi mwishoni mwa Aprili 2018. Majaji walikubali kwamba haki ya mazingira safi ilivunjwa, haki ya riziki ilivunjwa, haki ya utamaduni ilivunjwa, na haki ya kupata habari pia. Walisema tathmini ya kimkakati ya mradi mzima ilipasa kutangulia tathmini ya kipande kimoja kimoja. Waliagiza leseni irudi NEMA iangaliwe upya. Na waliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Baadaye pande zilikubaliana nje ya mahakama kwamba asilimia 65 ilipwe kwa pesa taslimu na asilimia 35 kwa vifaa vya uvuvi.

Gati ya kwanza ilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 20 Mei 2021. Meli kubwa ya makontena, CAP Carmel, ilikuwa imefunga pale na picha zilipendeza. Hebu linganisheni tarehe hizo wenyewe. Zege lilikwenda mwendo wake na fidia ikaenda mwendo wake.

Najua kuna atakayesema: mahakama ilishaamua, fidia ilishapangwa, mnataka nini tena? Ukigawa bilioni 1.76 kwa watu 4,600 sawasawa, kila mmoja anapata kama shilingi 380,000. Kwa mtu mwenye mtumbwi, hizo si pesa za kudharau. Lakini fidia ile ilikuwa ya madhara ya gati 3. Hatujawahi kuambiwa hesabu ya gati 23. Wala hatujaambiwa nani atadaiwa gati ikiwa ya mwekezaji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, EMCA, inaruhusu leseni ihamishwe kutoka kwa mwenye mradi mmoja kwenda kwa mwingine. Mvuvi wa Faza akienda mahakamani miaka sita baadaye, atamkuta mwenye leseni akiwa kampuni iliyosajiliwa wapi? Sheria hiyohiyo ina kipengele cha amana ya mazingira, yaani pesa zinazowekwa kabla ya kazi ili zigharamie uharibifu ukitokea. Kitumieni. Amana ya gati ya 4 iwekwe benki kabla mashine ya kwanza haijagusa maji, na kiasi chake kitangazwe.

Sasa niwaeleze bahari yenyewe, maana naona barua nyingi kama hii huandikwa na kujibiwa na watu ambao hawajawahi kupita Mkanda, lile pito jembamba kati ya Manda na bara, maji yakiwa yanatoka.

Ghuba ya Manda si maji tu yaliyo kati ya kisiwa na bara. Wakati wa kaskazi, kuanzia kama Novemba mpaka Machi, bahari kuu imetulia na mvuvi wa Pate au Kiwayu anaweza kutoka nje ya miamba. Wengi huenda dago, hulala mbali na nyumbani, hurudi baada ya siku. Kusi likiingia mwezi wa Aprili mambo hubadilika. Upepo unakaza, mawimbi nje ya miamba hayamtambui mwenye mashua ya futi 20, na kwa miezi mitano au sita riziki yote inarudi ndani: kwenye ghuba, kwenye vijito vya mikoko, kwenye mapito kama Mkanda. Ndani humo ndimo wanamotega malema na kushika tafi, changu na pono. Ndimo kina mama wanamotafuta kaa na pweza maji yakipwa. Ukimwambia mvuvi wa namna hii kwamba bahari ni kubwa na anaweza kuhamia kwingine, unamtuma nje ya miamba mwezi wa Julai. Serikali ilishatuzoesha kubanwa. Kwa miaka kadhaa tulipigwa marufuku kuvua usiku kwa sababu za usalama, na samaki wa usiku hawakubadilisha ratiba yao kutungoja.

Gati inajengwa ndani ya ghuba hiyo kwa sababu ileile inayomfanya mvuvi aipende: kina kizuri na kinga ya upepo. Hapo hatugombani juu ya uchaguzi wenu, nahodha yeyote angechagua hapohapo. Lakini meli za makontena zinataka maji ya mita 17.5 mbele ya gati, na maji hayo hayapatikani bila kuchimbua sakafu ya bahari. Mashine ikichimbua, mchanga mzito unashuka karibu na tope laini linaelea. Mkondo wa maji kujaa unalichukua upande mmoja, mkondo wa maji kutoka unalirudisha, na siku za bamvua linafika mbali zaidi kuliko siku za maji mafu. Popote linapotua linafunika nyasi za baharini, na hata kabla ya kutua linazuia mwanga. Nyasi zikikosa mwanga zinakufa, na zikifa, samaki wachanga wanakosa pa kujificha na kasa anakosa malisho. Nguva, ambaye karibu hali kingine ila nyasi hizo, ni mnyama ambaye watoto wa leo wanamjua kwa hadithi zaidi kuliko kwa macho. Kaskazini ya hapo iko Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979. Maji ya kwetu na maji yake hayana ukuta.

Haya hayahitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Yanahitaji mtu wa kupima uchafu wa maji na hali ya nyasi katika misimu yote miwili, kaskazi na kusi, kwa mwaka mzima kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada ya kazi, halafu namba zitolewe. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) iko Mombasa, ina vyombo na ina watu. Kipimo cha wiki mbili za kaskazi, maji yakiwa meupe na hali ya hewa nzuri, kinampendeza mwenye mradi tu. Katika mjadala wote wa fidia, tatizo kubwa lilikuwa hilo: hakukuwa na daftari la kabla ambalo kila upande uliliamini. Kila mtu alikuwa anadai kwa kumbukumbu. Sisi tukisema samaki walikuwa wengi, mtu wa ofisini anauliza "wangapi?", na huyo anayeuliza ndiye aliyepasa kuhesabu.

Kuna na maji ya farumi. Bandari inayotegemea kushusha na kupakia makontena ya kwenda kwingine hupokea meli zinazobadilisha uzito wao, na uzito huo ni maji yaliyochotwa kwenye bandari nyingine, pamoja na viumbe vyake. Mkataba wa kimataifa wa maji hayo ulianza kutumika Septemba 2017. Nani anakagua farumi Lamu, kwa kifaa gani, na amekagua meli ngapi tangu 2021? Nimeuliza. Natumaini nikiuliza hadharani jibu litakuja upesi zaidi.

Nirudi kwenye leseni. Waheshimiwa, leseni ya mazingira haitolewi tupu. Inatoka na masharti, na nyuma yake kuna mpango wa usimamizi wa mazingira wenye ahadi nyingi: tutapima hiki kila mwezi, tutapanda mikoko kadhaa, tutalinda pito la vyombo vidogo, tutakuwa na kamati ya malalamiko. Wahenga walisema kuelekeza si kufuma. Mtu anaweza kuandika sharti zuri kabisa na lisitekelezwe hata siku moja, na kwenye karatasi mradi ukaonekana msafi. EMCA inamtaka mwenye mradi afanye ukaguzi wa mazingira na kupeleka ripoti kwenu NEMA. Ripoti hizo mnazo au hamna. Kama mnazo, zitoeni. Kama hamna, basi mwenye leseni amevunja masharti, na sheria imewapa NEMA uwezo wa kusimamisha au kufuta leseni, au kudai tathmini mpya pale yanapojitokeza madhara ambayo hayakutarajiwa. Sijasikia uwezo huo ukitumika Kililana.

Ndiyo maana naomba hesabu ya gati 3 itangulie. Itengenezwe jedwali la kawaida, si kitabu. Upande mmoja kila sharti la leseni ya kwanza, kwa maneno yake. Upande wa pili: limetekelezwa, halijatekelezwa, au nusunusu. Upande wa tatu: ushahidi. Hekta ngapi za mikoko zilikatwa na ngapi zilizopandwa zimeshika (nasema zimeshika, kwa maana kupanda mche mbele ya kamera tunajua sote). Tope lilifika wapi. Vyombo vingapi vya wavuvi vimezuiwa au kufukuzwa karibu na bandari, na kwa amri ya nani. Fidia imefika kwa nani, na ikiwa malipo ya mtu hata mmoja yamebaki, yaishe kwanza. Akija mwekezaji wa gati ya 4 na ahadi zake, tutakuwa na kitu cha kuzipimia.

Juu ya mikoko nina neno la pembeni. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Babu zetu walikata boriti na kuzipeleka Uarabuni kwa majahazi, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Tukatii. Februari 2018 ikaja amri ya nchi nzima ya kusimamisha ukataji miti, na mkata boriti wa Lamu, ambaye hata korija moja (boriti 20) huikata kwa kibali, akakaa nyumbani na familia yake bila kazi. Wakati huohuo kazi ya bandari ilikuwa inaendelea. Sitaki kuambiwa kwamba mizani ilikuwa sawa. Mtu wa korija moja anasimamishwa kwa tangazo la siku moja, lakini mtu wa gati anasubiriwa miaka sita mahakamani na hata hapo hasimami.

Jambo jingine ni kukatakata mradi vipande vipande. LAPSSET si gati peke yake. Ni barabara ya kwenda Garissa na kuendelea, reli, bomba la mafuta, kiwanda cha kusafisha mafuta, uwanja wa ndege, mji wa mapumziko. Kila kimoja kinaombewa leseni yake, na kila ripoti inasema athari za kipande hiki "ni ndogo na zinaweza kudhibitiwa". Huenda ni kweli, kipande kwa kipande. Lakini nyasi za Manda hazipokei tope la gati ya 4 likiwa na lebo tofauti na tope la gati ya 7. Mahakama ilishasema hili mwaka 2018, na naliandika tena kwa sababu naona hatari ya gati 20 kugawiwa wawekezaji watano au sita, kila mmoja na ripoti yake, kila mmoja akianza kuhesabu kutoka sifuri. Tathmini ya gati ya 4 ianze pale ilipofikia hali ya bahari leo, ihesabu gati 3 zilizopo, na ihesabu zote ambazo mchoro unazitarajia.

Kisha kuna swali ambalo ripoti hulipitia juujuu: kama gati inahitajika. Kanuni zinataka mwenye mradi aeleze njia mbadala, ikiwemo ile ya kutofanya mradi. Meli zinazofunga Lamu bado ni chache sana ukilinganisha na Mombasa. Barabara na reli za kubeba mzigo kutoka hapa kwenda Ethiopia na Sudan Kusini, ambazo ndizo zilizokuwa sababu ya bandari, hazijakamilika. Kama gati 3 hazijashiba mzigo, mseme wazi ya 4 ni ya mzigo gani, wa nani, mwaka gani. Inawezekana kuna jibu zuri. Meli za kupakuliana makontena zinaongezeka njia za bahari zinapobadilika, na KPA wanajua hesabu zao kuliko mimi. Lakini jibu hilo liwe ndani ya ripoti, na namba zake zihojiwe, kwa kuwa ghuba ikishachimbuliwa kwa ajili ya meli zisizokuja, hakuna wa kuirudishia mchanga wake.

Sasa ushirikishwaji. Hapa ndipo mnapotuudhi zaidi, na pengine hamjui.

Katiba yetu imezungumza: kifungu cha 42 juu ya mazingira safi, cha 69 juu ya wananchi kushiriki katika kuyatunza, cha 35 juu ya habari. Kanuni za tathmini za mwaka 2003 zinataka mikutano isiyopungua 3 na watu watakaoathirika, matangazo ya gazeti, na matangazo ya redio kwa lugha rasmi na lugha za mahali. Ripoti ikikamilika, umma hupewa siku 30 kutoa maoni. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri.

Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo, wa mradi mwingine, na ofisi iliyouita siitaji. Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa kabla mtu hajafungua mdomo. Tulipewa maji ya chupa na nauli. Wageni walieleza kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili, picha zikaonyeshwa ukutani, mwanga wa dirishani ukazifuta. Mzee mmoja aliuliza juu ya pito la mashua akaambiwa swali lake limechukuliwa. Baadaye nilipoiona ripoti, swali la mzee halikuwamo, lakini sahihi yake ilikuwamo, kwenye kiambatisho cha ushahidi kwamba jamii ilishauriwa. Tangu siku ile nawaambia watu wangu: ukitia sahihi, andika pembeni yake ulichosema.

Na hili si la mvuvi peke yake. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni iliyotolewa mwaka 2016 kwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, jirani na bandari. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba mikutano iliyohesabiwa kuwa ushirikishwaji ilifanywa kabla utafiti haujakamilika. Watu walijulishwa kwamba kuna mradi. Hawakurudishiwa matokeo ya utafiti wakayajadili. Jopo likasema huko si kushirikisha. Kwa hiyo mwekezaji wa gati ya 4 akija na picha za mikutano ya utangulizi, mnajua mapema mahali zitakapoishia, na hasara ya kucheleweshwa itakuwa yake na yenu.

Siku 30 za maoni, nazo, zina mambo yake. Gazeti Rasmi la Serikali halifiki Kizingitini. Ripoti yenye mamia ya kurasa, kwa Kiingereza cha wahandisi, inawekwa ofisini Mokowe, na mtu wa Ndau au Kiwayu anapaswa kupanda boti, kulipa nauli, kusoma siku nzima na kurudi kabla ya giza. Ikitangazwa Desemba, wavuvi wako dago. Ikitangazwa Ramadhani, wepesi wa mtu kusafiri mnaujua. Sisemi mnapanga hivyo kwa makusudi. Ila imetokea mara nyingi kiasi kwamba watu wameanza kuhesabu.

Tunayoyataka hapo si makubwa. Mpango wa usimamizi wa mazingira wote, si muhtasari wa kurasa mbili, utafsiriwe kwa Kiswahili kinachosomeka. Nakala ziwe katika kila ofisi ya BMU, za Kiamu na za Kibajuni sawasawa: Lamu mjini, Shela, Matondoni, Mokowe, Mtangawanda, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu. Mikutano ifanywe Pate yenyewe, na mmoja uwe wa kina mama peke yao, kwa kuwa wanaookota kaa hawasemi mbele ya wanaume wenye boti, na daftari la wavuvi mara nyingi huwasahau. Kila swali lililoulizwa liandikwe ndani ya ripoti pamoja na jibu lake, na kama halikujibiwa iandikwe hivyo. Siku 30 hazitoshi, tunaomba muda uongezwe.

Kwa Gavana na waheshimiwa wa bunge la kaunti nina ombi tofauti. Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Kamati ya Urithi imeuliza zaidi ya mara moja kuhusu bandari hii na mji utakavyobadilika watu wakimiminika. Hukumu ya 2018 iliitaja kaunti kama mshirika wa lazima. Mnayo nafasi ya kudai kwamba leseni ya gati ya 4 isijadiliwe bila nyinyi kuwa mezani na mtaalamu wenu wenyewe, aliyelipwa na kaunti, asiyekula mkononi mwa mwenye mradi. Mkikaa kimya mpaka siku ya kukata utepe, msije kwetu na miwani ya jua kueleza kwamba mlikuwa upande wetu.

Na kwa KPA: nyinyi mnafahamika Mombasa kwa kuweka hesabu ya kila kontena, limeingia saa ngapi na limetoka na lori la nani. Uwezo huo wa kuhesabu mnao. Tunaomba sehemu yake ihamie majini.

Jibu lenu tutalipokea kwa njia yoyote, lakini naomba liwe la maandishi na liwe na tarehe, nipate kulibandika kwenye jeti ya Mtangawanda na kulisoma msikitini kwa ruhusa ya imamu. Mkitaka kuja wenyewe, mnakaribishwa. Njooni wakati wa kusi, wavuvi wako nyumbani. Pangeni mkutano baada ya swala ya alasiri, si Ijumaa, na kabla ya kukodi boti ya kurudi mwulizeni mtu wa hapa maji yanatoka saa ngapi, maana Mkanda ukikauka mtalala kwetu, na chakula kitakuwa samaki wachache tuliopata siku hiyo.

Ni mimi,
Karani wa BMU, kisiwa cha Pate
Kaunti ya Lamu